Chumba cha Kumi na Moja Kwanza

Mtu wa mbali hushuka mji mkuu na begi lake, na kabla jua halijatua ameshaona lango kuu, mnara wa saa, kisima na jumba la malkia. Aliyezaliwa humo humo mjini huweza kuzeeka hajaona hata kimoja kwa ndani. Ukimuuliza, anakujibu, "Si lipo tu? Litakimbilia wapi?" Baba Pacha, fundi viatu, alikuwa wa aina hiyo. Kibanda chake kilikuwa hatua mia mbili kutoka kwenye mlango wa jumba, amekaa hapo miaka thelathini akishona soli, na mlango ule hajawahi kuuvuka. Mkewe aliuvuka kila siku ya Mungu, ufagio mkononi.

Mama Pacha, kama mtaa mzima ulivyomwita tangu alipojifungua wale mapacha ambao sasa ni watu wazima wenye kazi zao mikoani, alikuwa mfagiaji wa jumba. Miaka kumi na saba. Aliingia saa kumi na mbili asubuhi, wageni wakaruhusiwa saa tatu, na katikati hapo jumba lilikuwa lake peke yake. Vyumba kumi na moja: sita chini, vitano juu. Vumbi la juu ya makabati kwanza, kisha vioo, kisha sakafu. Adui yake mkubwa duniani alikuwa alama ya kidole kwenye kioo. Mgeni husoma kwa macho yake mawili bango linalosema "Tafadhali usiguse", halafu akaweka kiganja kizima pale pale ili asome vizuri zaidi. Mama Pacha angeweza kukwambia kwa kutazama alama tu kama jana walikuja wanafunzi au wazee.

Sasa, mtu anayefuta kioo cha kabati lenye maandishi atafanya nini na macho yake? Atasoma. Alisoma kila kibandiko cha jumba lile, siku ya kwanza kwa kusitasita, mwaka wa pili bila kutazama, mwaka wa tano akiyasema kwa sauti huku anasugua. Kuta zilimsikiliza vizuri kuliko watu wengi. Malkia alikalishwa kitini akiwa na umri gani, alifundishwa na nani, aliolewa lini, alikataa kutia saini barua ipi, aliondoka vipi: yote yalikuwa kichwani mwa mfagiaji, na hakuna aliyejua.

Aliyekuja kujua ni Chumvi. Huyu alikuwa mwongoza wageni mkongwe kuliko wote pale, na jina hilo alilipata kwa haki, maana hakuna hadithi iliyopita mdomoni mwake bila kukolezwa. Malkia aliyeolewa mara moja, kwa Chumvi alikuwa na wachumba arobaini waliolala nje ya lango wakilia. Asubuhi moja aliwahi kazini, akasikia sauti inatoka chumba cha nane, akachungulia. Akamkuta Mama Pacha amepiga magoti, kitambaa mkononi, anaongea na kabati.

"Mama Pacha, na wewe umeshakuwa mwongozaji?"

"Nakosea wapi?"

"Hukosei. Ndiyo tatizo lako, hukosei hata kidogo. Wageni watalala." Chumvi akacheka hadi akashika mlango. Siku ya pili yake, kwa utani tu, akamletea fomu ya mtihani wa waongozaji. "Jaza basi, tukuone."

Chumvi alidhani mwenzake ataitumia kukunjia karanga. Mama Pacha aliisoma mstari kwa mstari, kama alivyosoma vibandiko. Mtihani hufanywa mara moja kwa mwaka. Mwombaji awe hajatimiza miaka hamsini. Yeye alikuwa na arobaini na tisa na miezi kumi. Maana yake ilikuwa wazi kama mchana: ni mwaka huu au basi tena. Alikaa kwenye ngazi na fomu ile mapajani, akajishangaa. Hakujua kuwa alikuwa anakitaka kitu hiki mpaka kilipowekewa mwisho. Lakini alikitaka. Alitaka siku moja asimame mbele ya watu mchana, mlango wazi, ayaseme maneno yale na mtu ayajibu.

Akaijaza kwa kalamu ya wino, ili asije akaifuta.

Nyumbani, Baba Pacha aliipokea habari kama alivyopokea kila kiatu: aliigeuza, akaitazama chini, akasema, "Inatengenezeka." Tangu hapo kila jioni baada ya chakula yeye ndiye aliyekuwa mgeni. Walikuwa na jiko nyuma, chumba cha kulala katikati na sebule mbele. Mama Pacha alianza mazoezi jikoni, akasonga chumbani, akamalizia sebuleni mlangoni. Mumewe alimfuata na kigoda mkono mmoja, kikombe cha chai mkono wa pili.

"Mgeni, vinywaji haviruhusiwi ndani ya jumba."

"Mgeni ametoka mbali, ana kiu."

"Basi mgeni abaki nje."

"Haya, haya. Endelea, mama. Huyo malkia wako kafika wapi?"

Alimuuliza maswali ya kipuuzi makusudi, eti malkia alikuwa akikoroma, ili amzoeshe wageni wa kila namna. Lakini jioni moja, walipofika mlangoni, aliuliza swali la maana. Mama Pacha alikuwa anamweleza viatu vya malkia alivyovaa tangu siku aliyokalishwa kitini. Kibandiko kilisema tu: "Viatu vya malkia akiwa na miaka saba."

"Soli zake zikoje?" akauliza fundi.

"Soli?"

"Wewe si unafuta mpaka chini ya rafu? Rafu si ya kioo? Umeziona."

Kweli alikuwa ameziona, maelfu ya mara, amelala chali sakafuni. "Safi, kama zimetoka dukani. Visigino vizima. Ila ncha tu, hapa mbele kwenye vidole, pamelika."

Baba Pacha akaweka kikombe chini. "Huyo mtoto hakutembea na viatu hivyo. Alikuwa akikaa. Kiti kirefu, miguu haifiki chini, basi anajinyoosha aguse sakafu kwa ncha. Waulize mafundi wote, alama hiyo hatuikosei."

Miaka kumi na saba anavifuta, na mtu ambaye hajaviona hata siku moja kamwambia alichokuwa anakiona. Alimwonea fahari mumewe, akamwambia hivyo hivyo, na fundi akajitia anatafuta kijiko.

Mazoezi yalikwenda hivyo wiki sita, na kosa halikuonekana. Lingeonekanaje? Mmoja alilijua jumba kwa njia moja tu, mwingine hakulijua kabisa.

Siku ya mtihani alivaa sketi ya bluu iliyoshonwa na jirani, na viatu vilivyotiwa soli mpya usiku uliopita. Mkaguzi alitoka wizarani, mwanamke wa makamo mwenye uso usiosema kitu, amebeba karatasi zilizobanwa kwenye ubao mdogo. Pamoja naye walikuja wageni halisi sita waliokubali kuongozwa na mtu wa majaribio: mume na mke waliokuwa likizo, walimu watatu, na mkunga mstaafu, bibi mnene mwenye fimbo na macho yasiyopitwa na kitu.

Nje kulikwenda vizuri kupita alivyoomba. Pale lango kuu aliwaonyesha mawe yaliyolainika kwa kuguswa na mabega ya wapagazi. Chini ya mnara aliwaambia kuwa saa ile inachelewa dakika saba tangu yeye ni mwari, na kwamba maduka yote ya mtaa huo hufunguliwa kwa kuitazama, kwa hiyo mtaa mzima unachelewa dakika saba na hakuna anayegombana. Walimu wakacheka. Kisimani aliwaacha wainame, kila mmoja aite jina lake na kulisikia linarudi, na hata mkaguzi alionekana kusogea ukingoni kidogo, kisha akajizuia. Mama Pacha akaanza kuamini kuwa ameshaivaa beji ya waongozaji.

Wakaingia jumbani. Chumvi alikuwa ameegemea nguzo, amekuja kuona. Mama Pacha akasimama katikati ya chumba cha kwanza, akawatazama wageni wake, akafungua mdomo.

Hakuna neno.

Alitazama kiti cha malkia, akatazama kabati la viatu. Alivijua kama vidole vyake. Lakini kila alipolivuta neno la kwanza, lililokuja lilikuwa la mwisho: "Na hapa ndipo tunapomalizia." Maana hakuna mfagiaji anayeanzia mlangoni. Ukianzia mlangoni utakanyaga ulikofagia. Unaanzia ndani kabisa, chumba cha kumi na moja, unarudi nyuma na vumbi lako mpaka mlangoni, na hapo ndipo kazi inapoishia. Kila asubuhi kwa miaka kumi na saba ameisema hadithi ile kutoka mwisho kuja mwanzo. Hata nyumbani aliianzia jikoni. Wageni wanapopita na waongozaji wao, yeye huwa uani anafua vitambaa. Hajawahi kulisikia jumba lake likisimuliwa kwa mbele hata mara moja.

"Hapa..." alisema. "Hiki ni chumba cha kwanza." Mwalimu mmoja akakohoa. Kalamu ya mkaguzi ikaandika kitu kifupi. Mama Pacha aliona aibu ya wazi, ile ya kutamani sakafu ipasuke. Wiki chache zaidi na fomu haitampokea tena. Pale nguzoni Chumvi hakuwa anacheka. Alimfanyia ishara kwa mkono, songa, songa mbele, chumba cha pili. Lakini chumba cha pili kingemsaidia nini? Kilikuwa kimefungwa na cha tatu, na cha tatu na cha nne, kama mnyororo ulioshikwa ncha isiyo yake.

Bibi mkunga akagonga fimbo chini taratibu. "Tuna haraka gani, mwanangu? Vuta pumzi."

Akavuta. Na pumzi iliporudi, ilirudi na uamuzi.

"Wageni wangu," alisema, "tutaanzia mwisho. Nifuateni nyuma, tupande ngazi za watumishi."

Mkaguzi akainua uso. "Utaratibu wangu unasema chumba cha kwanza mpaka cha kumi na moja."

"Vyote kumi na moja utaviona, dada. Hata kimoja hakitapungua."

"Nitakunyima alama za mpangilio."

"Ninyime," akasema Mama Pacha, akageuka, akawatangulia.

Ngazi za watumishi hazikuwa katika njia ya wageni. Zilikuwa nyembamba, za mawe, zimechimbika katikati kwa nyayo. Bibi akasema ni heri kupanda sasa angali ana nguvu. Walipofika juu, Mama Pacha akafungua chumba cha kumi na moja, na ulimi wake ukafunguka nacho.

"Hiki ni chumba cha kulala cha malkia. Kitanda kimetandikwa, mnaona? Alikitandika mwenyewe. Lile sanduku limejaa nguo, kila kitu kimekunjwa, na limeachwa. Alikuwa na miaka sitini na mmoja. Alfajiri moja alishuka kwa ngazi hizi hizi mlizopanda ninyi, peke yake, kwa miguu, na hakurudi. Gari la farasi lilikuwa linamsubiri mbele, yeye akapita nyuma."

"Kwa nini?" akauliza yule mke aliyekuwa likizo.

Mama Pacha alikuwa hajawahi kuulizwa na mtu. Kabati haliulizi. Furaha ilimpanda mpaka machoni. "Njooni chumba cha kumi," akasema.

Cha kumi kilikuwa chumba cha kuandikia, na barua aliyokatazwa kuikataa, akaikataa. Kwa nini walidhani angekubali? Cha tisa, ukumbi wa washauri, wazee kumi na wawili waliozoea kumpa karatasi aweke jina tu. Alizoea vipi kuweka jina tu? Cha nane, cha saba, cha sita. Kila mlango ulijibu swali la mlango uliopita na kuzaa lingine, na wageni wakaacha kumfuata wakaanza kumtangulia, wakijipanga mlangoni kama watu wanaogombea mkate. Mwalimu mmoja alisahau kupiga picha. Katika chumba cha saba mume wa likizo alisema, "Ngoja, kwa hiyo wakati ule alikuwa bado hajui?" na mkewe akamnyamazisha, "Hajui, ndiyo, sogea tuone." Chini, katika chumba cha tatu, waliona kibao cha kuandikia cha mtoto, kimeandikwa jina moja mara mia, lile lile, jina la kutia saini.

Wakarudi chumba cha kwanza. Chumvi alikuwa amesogea kutoka nguzoni, anasikiliza kama mgeni aliyekata tiketi.

"Na hapa ndipo tunapomalizia," alisema Mama Pacha, na safari hii maneno yalikuwa mahali pake. "Kiti hiki ndicho alichokalishwa akiwa na miaka saba. Na hivi ndivyo viatu vyake. Kibandiko hakisemi kitu, kwa hiyo nawaomba mchutame, mviangalie kwa chini. Bibi, wewe kaa, nitakuelezea."

"Nani kakwambia siwezi kuchutama? Nimezalisha mji mzima nimechutama." Na akachutama, fimbo na yote.

"Soli ni mpya. Visigino havijaguswa. Kilicholika ni ncha tu. Mume wangu ni fundi viatu, na ameniambia maana yake. Mtoto huyu hakutembea na viatu hivi. Kiti kilikuwa kirefu, miguu ilining'inia, naye akawa anajinyoosha aifikie sakafu."

Bibi mkunga alikuwa wa mwisho kuinuka. Alishika mkono wa Mama Pacha, akautumia kujivuta, na hakuuachia.

"Ndiyo maana akaondoka kwa miguu," alisema.

Mama Pacha alimtazama. Hilo halikuwa kwenye kibandiko chochote, wala fundi hakulisema. Lilikuwa limelala humo ndani, kati ya chumba cha kwanza na cha kumi na moja, na yeye amelipitia na ufagio miaka kumi na saba. Machozi yalimtoka, akayaacha yatoke.

Mkaguzi aliwaaga wageni, akamketisha kwenye benchi la uani na kumsomea bila kubadili uso. Usahihi. Sauti. Adabu kwa wageni. Majibu ya maswali. "Mpangilio, sifuri kati ya ishirini. Nilikwambia."

"Uliniambia, dada."

"Jumla, sabini na tatu. Pa kufaulu ni sabini." Akachana karatasi, akamkabidhi. Kisha, ubao umeshaingia begini, akauliza kwa sauti ya chini, "Yule mumeo ana kibanda wapi? Viatu vyangu vinalika upande mmoja."

Chumvi alimngoja langoni. "Ile ya soli kali sana. Kesho naitumia."

"Itumie. Ila usiikoleze."

"Kidogo tu."

"Hata kidogo, Chumvi!"

Jumamosi ya kwanza ya kazi mpya, wageni wake walikuwa tisa. Wa tisa alikuwa amenyoa, amevaa shati la harusi za watu, na alisimama nyuma ya wenzake mikono mgongoni, kikombe kimeachwa nyumbani. Hakuuliza kama malkia alikoroma. Alipanda ngazi za watumishi akizitazama zilivyochimbika, akashuka chumba baada ya chumba. Alipofika kwenye kabati la mwisho, wengine walipochutama, yeye alipiga magoti kabisa, akavua miwani, akakisogelea kioo mpaka paji la uso likagota. Akazitazama soli kwa muda mrefu.

"Nilikwambia," alisema.

"Uliniambia, mgeni," akajibu mwongozaji. "Ondoa uso kwenye kioo."

Akauondoa. Pale kiooni pakabaki alama, duara pana la ukungu na mstari wa nywele chache. Mkono wa Mama Pacha ukaenda kiunoni wenyewe, kutafuta kitambaa, lakini sketi ile haikuwa na kitambaa. Aliitazama alama ile mpaka wageni wote wakatoka nje. Kisha akamwita mfagiaji mpya, binti aliyemfundisha mwenyewe kuanzia ndani kuja mlangoni, akamwomba kioo hicho kimoja akiache mpaka Jumatatu.